Inatoka sasa hivi: kichekesho cha mezani juu ya chipsi mayai

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wenzangu wa jukwaa, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mchezo wetu wa kibanda cha chipsi, ule ambao watazamaji wanakaa mezani, wanacheka, na wanakula kile kile kinachopikwa mbele yao. Wengi mmeniuliza habari za mswada. Nitafika huko. Naomba nianze na hesabu, kwa sababu mchezo huu hesabu iliupanga kabla mimi sijashika kalamu.

Ukumbi wetu unachukua watu 60. Kila mmoja anakula chipsi mayai, mayai 2. Hayo ni mayai 120, trei 4. Viazi tunanunua kilo 25, ukitoa maganda na vile vilivyooza vinatosha. Mpaka hapo hakuna shida. Shida ni frampeni. Zege moja, yaani sahani moja ya chipsi mayai, chipsi zikiwa zimeshapita kwenye mafuta mara ya kwanza, inataka kama dakika 4 mpaka igeuzwe na kumiminwa kwenye sahani. Zidisha mara 60: dakika 240. Saa nne nzima. Anayekaa meza ya nyuma angepata sahani yake wakati daladala zimeshalala. Tukaweka frampeni 4. Sahani zikawa zinatoka nne nne, kila dakika 4, na watu wote 60 wanakuwa wamekula ndani ya saa moja.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini mchezo wetu una saa moja na robo, na kwa nini kila baada ya dakika 4 kuna mtu anaingia, anatoka, anagombana au anaitwa, jibu ni frampeni. Tulijaribu kuandika kwanza halafu tupike kufuata maandishi. Haikukubali. Yai likishaiva limeiva, halimsubiri mwigizaji amalize sentensi yake.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe.

Sote tumeshasimama pale. Kabati la vioo lina balbu ya njano ndani, mapaja ya kuku yamepangwa mbele, vidali nyuma. Kijana anakatia kachumbari huku anaongea na mtu mwingine. Unamuuliza, "Kaka, yangu bado?" Anakujibu bila kugeuka: "Inatoka sasa hivi, bosi." Jibu hilo hilo kampa aliyekutangulia, na atampa atakayekuja baada yako. Mimi nimeishi na neno hilo miaka mingi kabla sijaelewa kwamba ndani ya "sasa hivi" mna mchezo mzima.

Chakula chenyewe tunakiita cha haraka, lakini hakuna aliyekila bila kukisubiri. Na mtu anayesubiri chakula anageuka mtu mwingine. Mpole anakuwa mkali. Mwenye gari zuri anashuka na kuanza kuhesabu nani alitangulia. Majirani wasiosalimiana mwaka mzima wanaungana dakika moja kumzuia mtu wa tatu asipite mbele. Kuna yule anayesema "mimi sina haraka" na macho yake hayajaondoka kwenye frampeni. Mchezo wetu una watu wanne tu kwenye foleni, mkaangaji, na sahani moja ya mwisho kabla mafuta hayajaisha. Hakuna zaidi. Kila mmoja anajenga hoja kwa nini sahani ile ni yake. Na watazamaji nao wana njaa, wanasikia harufu, wanasubiri zamu ya meza yao. Wao ndio mtu wa tano kwenye foleni. Hicho ndicho ninachotaka kuwaambia leo, mengine yote ni maelezo yake: mtazamaji wa mchezo wa namna hii asiangalie njaa ya mwenzake. Awe nayo.

Kule Marekani sanaa hii ya mchezo na mlo ina historia yake. Barksdale Theatre ilianza mwaka 1953 ndani ya Hanover Tavern, nyumba ya wageni ya zamani katika jimbo la Virginia, na baadaye kumbi za aina hiyo zikaenea. Mazoea ya wengi huko ni kwamba watu wanakula kwanza, sahani zinaondolewa, kisha mchezo unaanza. Ni utaratibu wa heshima na una faida yake. Kwa kichekesho cha chipsi haufai, kwa sababu mtu aliyeshiba hana sababu ya kuhangaika na nani atapata sahani ya mwisho.

Kitu kilichonifungua macho kutoka huko huko Marekani hakikutoka kwenye ukumbi wa maigizo. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mgahawa San Bernardino, California. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakapunguza orodha ya vyakula ikabaki vitu 9, wakauza hambaga kwa senti 15, na wakabadilisha namna ya kupika ili kila mkono uwe na kazi moja. Baadaye, walipokuwa wanapanga jiko jipya, walichora jiko zima kwa chaki kwenye uwanja wao wa tenisi, kwa ukubwa wake halisi, wakawaita wafanyakazi wapite ndani ya ile michoro wakijifanya wanapika. Huyu anageuza nyama hewani, yule anaweka mkate hewani, anayegongana na mwenzake mstari unasogezwa. Ndugu zangu, hayo ni mazoezi ya jukwaa! Ni kile kile tunachofanya sisi tunapoweka alama za utepe sakafuni kabla mandhari haijajengwa. Niliposoma habari ile nilikwenda na chaki uwanjani nyuma ya nyumba, nikachora kibanda: jiko hapa, kabati hapa, ndoo ya viazi hapa, benchi la wateja hapa. Waigizaji wakacheza siku nne bila kiazi hata kimoja. Tuligundua mkaangaji anazunguka mara nyingi mno kwenda kwenye kachumbari, tukaisogeza. Kichekesho kikapata kasi kwa sababu ya beseni la kachumbari.

Lakini wa karibu zaidi na sisi hawako California. Wenye umri wangu mnakumbuka, na wadogo waulizeni wazazi wenu: miaka ya 1980 na 1990 hapa Dar es Salaam vikundi vya sanaa kama Muungano na Mandela, na TOT (Tanzania One Theatre) ilipoanzishwa mwaka 1992, vilifanya maonyesho kwenye baa na kumbi za starehe mwisho wa wiki. Ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarabu. Watu walikuwa mezani. Mishikaki ilikuwa inaendelea kuchomwa pembeni, moshi unapita mbele ya jukwaa, na mchekeshaji alijua namna ya kusubiri mhudumu apite na trei kisha atupe neno lake. Hakuna aliyeuita ukumbi wa mlo. Ulikuwa onyesho tu. Mabingwa wa vichekesho tuliowapoteza, Mzee Small mwaka 2014 na King Majuto mwaka 2018, walikuwa na kipaji cha kumsoma mtu aliyekaa mbele yao, na mimi naamini kipaji hicho kinanolewa mbele ya watu wenye mambo mengine ya kufanya: wanaokula, wanaoongea, wanaomwita mhudumu. Ukiwashika hao, umeshika kazi.

Nikiri kwamba mara ya kwanza tulisahau yote haya. Tulikodi ukumbi mmoja, mwenyewe akasema atashughulikia chakula, tusiwe na wasiwasi. Chipsi zilikuja kwenye mahotpoti tangu saa 11 jioni. Mnajua chipsi ikikaa kwenye hotpoti inavyokuwa: inatoa jasho, inalegea, yai linakuwa kama sponji. Watu wakala mapema, wengine wakamaliza, wakakaa na vijiti mdomoni. Mwigizaji wetu alipofika kwenye ule mstari wa kusihi apewe sahani ya mwisho, wenye sahani nusu mbele yao walimwangalia kwa huruma, kama vile wanataka kumgawia. Halafu, katikati ya ugomvi mkubwa wa mchezo, wahudumu wakapita meza hadi meza kukusanya pesa za soda. Chenji ikahesabiwa kwa sauti. Nilikaa nyuma ya pazia nikitamani usiku ule uishe.

Tangu siku ile mambo mawili hatuyajadili tena. Malipo yote yanafanyika mlangoni, mtu anapewa kuponi, na ndani ya ukumbi hakuna noti inayotembea. Na wahudumu wanafanya mazoezi pamoja nasi kuanzia siku ya kwanza. Wanajua ni neno gani likitoka ndipo wanaanza kutembea, wanapita upande gani, na wapi wanasimama kabisa. Mhudumu anayepita wakati usiofaa anaua kicheko kuliko mwigizaji aliyesahau maneno.

Hapa nataka nitulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi.

Mtu mwenye chakula mdomoni hacheki vizuri. Anajizuia, au anapaliwa, na kupaliwa si jambo la mchezo. Kwa hiyo tulitenganisha vichekesho vya maneno na vichekesho vya mwili. Meza ambayo bado inasubiri inapata maneno: majibizano, utani, visingizio. Sahani zikishatua, watu wakaanza kula, waigizaji wanaacha kusema na kuanza kufanya. Mteja anajaribu kuiba chipsi moja kabatini bila kuonekana, mkaangaji anageuka, mkono unageuka salamu. Watu wanaangalia, wanatafuna, wanatabasamu. Kicheko kikubwa tunakiweka pale sahani zinapokaribia kuisha lakini meza ya jirani bado haijapata. Na kwa kuwa meza hazipati kwa wakati mmoja, inabidi ujue kila dakika nani ana kijiti mkononi na nani hana. Tulichora ramani ya meza 15, watu wanne wanne, na dakika ya kila meza. Ramani ile ndiyo mswada wetu wa pili.

Kisha sauti. Chipsi mbichi zikiingia kwenye mafuta zinapiga "chwaaa" inayomeza maneno yote. Waigizaji wapya wanapaza sauti kushindana nayo, wanachoka, na hawasikiki. Tukafundishana kuitumia. Mtu anatamka siri yake nzito wakati ule ule karai linapopokea viazi: midomo inakwenda, mikono inakwenda, hakuna anayesikia neno. Mafuta yanatulia, mkaangaji anamwambia, "Sijasikia, rudia." Tumeonyesha mchezo huu mara nyingi na hapo watu hawajawahi kunyamaza.

Harufu nayo ina zamu yake. Kitunguu kinaanza kukaangwa dakika 10 kabla mchezo haujaanza, feni moja ikielekezwa mezani. Hatupigi kengele. Watu wanakaa wenyewe.

Maneno hatukuyatunga. Tulikwenda vibandani na daftari, jioni baada ya jioni. "Pilipili kwa mbali." Hebu lisikilizeni neno hilo: mtu anaomba pilipili isimame mbali kidogo na chakula chake, na kila mkaangaji Tanzania nzima anajua ni kiasi gani. "Yai lisikauke." "Nichagulie paja la kueleweka." "Nifungie, lakini tomato iwe pembeni." Jina lenyewe la zege, kwamba viazi ni kokoto na yai ni saruji, ni kichekesho ambacho mafundi ujenzi na wenye njaa walikitunga kabla yetu. Wenzetu Uganda walikunja chapati na mayai, wakaiita rolex, kutokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa, na saa ya kifahari ikapata ndugu wa shilingi chache. Pale Forodhani, Unguja, mtengeneza pizza ya Zanzibar anavuta donge la unga mpaka linaangaza kama karatasi, anaita wageni huku anakunja nyama na yai ndani, na hajawahi kumaliza sahani bila kuangalia kama unamtazama. Yule ni msanii aliyekamilika. Nendeni mkamtazame mikono.

Kijana mmoja kutoka Nairobi aliniuliza afanye mchezo gani kwao. Nikamkumbusha Januari 2022, KFC ya Kenya ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi vyake ilichelewa njiani kutoka nje, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi shambani. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki. Ukimweka mkulima wa viazi kwenye foleni ile, gunia lipo begani, anaambiwa leo chipsi hakuna, una mchezo na una hoja, na hutahitaji kuipigia kelele hoja yako.

Jiko la kweli jukwaani linatisha, na litutishe. Karai la mafuta haliwekwi karibu na ukingo wa jukwaa wala mahali ambapo mwigizaji anakimbia. Sisi tunaacha mita 3 kutoka meza ya kwanza. Mfuniko wa karai unakaa mkono wa kulia wa mkaangaji kila wakati, kwa sababu mafuta yakishika moto dawa ni kuzima jiko na kufunika. Kamwe maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na mvuke ule unayarusha mafuta yanayowaka juu ya watu. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, na watu wawili wawe wameshaujaribu kwa mikono yao. Gesi inafungwa na mtu mmoja tu anayejulikana. Kama hamuwezi kutimiza hayo, pikeni nje ya ukumbi mlete ndani mbio mbio. Mchezo utapungua utamu, na watu watarudi nyumbani salama. Vibali vya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na vya ofisa utamaduni wa wilaya vishughulikieni mapema. Kuku awe wa halali na msemaji aliseme hilo mlangoni, ili mtu akae kwa amani.

Nimebakiza jambo linaloniuma.

Tulipoanza mazoezi, vichekesho vya kwanza vilivyotoka midomoni mwa waigizaji vilikuwa viwili. Cha kwanza, lafudhi ya mkaangaji: kijana wa bara, Kiswahili chake kinachekwa. Cha pili, msichana anayenunuliwa kwa chipsi kuku. Tumevisikia maisha yetu yote, na najua vinachekesha ukumbi. Nilivitoa vyote viwili siku ile ile. Huyo kijana wa bara anaamka alfajiri kwenda sokoni kuchagua viazi, anamenya ndoo nzima, anasimama mbele ya moto mpaka usiku, mikono yake ina alama za mafuta kuanzia kiganja hadi kiwiko. Amewalisha wanafunzi, walinzi, wauguzi wa zamu, na wengi wetu humu ndani tulipokuwa hatuna jiko. Nitamcheka kwa kipi? Na yule binti, njaa yake ni njaa kama yangu. Waigizaji wawili walinibishia, wakasema mchezo utapoa. Tukakubaliana tujaribu wiki mbili. Kilichotokea ni kwamba walipokosa njia ya mkato walilazimika kutafuta kichekesho kwenye foleni yenyewe, kwenye visingizio vya watu wazima wenye hadhi wanaotaka kuonekana hawana njaa. Huko ndiko tulikopata mchezo.

Mkaangaji wetu jukwaani ni mkaangaji kweli. Yuko mtaani kwetu, tulimkodi kwa malipo yanayozidi mauzo yake ya jioni nzima, kwa sababu siku anayokuja kwetu kibanda chake kinafungwa. Mwanzoni hakuwa na neno hata moja la kusema. Kazi yake ilikuwa kupika, na mwigizaji mkuu alisimama pembeni yake akiwa "mwenye kibanda" anayeongea.

Usiku wa tatu wa maonyesho, mama mmoja wa meza ya sita alisimama. Ana noti mkononi, anatembea ule mwendo wa kwenda kutunza kwenye taarabu, taratibu, bega moja mbele. Ukumbi ukaanza kupiga makofi. Mwigizaji mkuu akajiweka sawa, akainua kidevu kidogo apokee. Mama akampita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye jiko, akasimama kwa kujihadhari na mafuta, akamchomekea mkaangaji noti kwenye mfuko wa aproni. Yule kijana ana mwiko mkono mmoja, frampeni mkono wa pili, jasho linamtiririka, hajui amshukuru vipi. Akasema kitu pekee anachokijua kuwaambia watu wanaomkaribia akiwa jikoni:

"Yako inatoka sasa hivi, mama."

Ilituchukua zaidi ya dakika moja kuendelea. Sahani nne ziliungua, na hakuna meza iliyolalamika. Tangu usiku ule ana mistari yake, anajiandikia mwenyewe, na anataka mwezi ujao awafundishe wenzake wawili wa vibanda vya jirani.

Mazoezi ni kesho saa 8 mchana. Anayetaka kujiunga aje na kisu chake, tunaanza na kumenya.